Kliniki imejaa wagonjwa ila mwisho wa mwezi hatuna hela, tufanyeje? (Arusha)

mama_wa_kaunta

Habari za jioni wadau. Mi huwa nasoma tu napita, leo nimeona niandike maana kila siku tunakaa na mume wangu mpaka saa sita usiku tunapiga hesabu zilezile na jibu ni lilelile.

Mume wangu ni daktari. Aliacha ajira 2016 tukafungua kliniki huku upande wa Sakina, tulianza na vyumba vitatu vya kupanga, sasa hivi tuna maabara, ultrasaundi, chumba cha kliniki ya mama na mtoto na vitanda vinne vya kupumzisha wagonjwa. Watumishi 11. Mi ndo mhasibu, mi ndo stoo, na dada wa mapokezi akiugua mi ndo nakaa kaunta. Wagonjwa hawakosekani, kwa siku 35 mpaka 40, ukipita asubuhi ukaona foleni utasema hawa watu wanaogelea kwenye hela. Hiyo hela sasa jamani iko wapi.

Kwenye wagonjwa 10, 6 ni wa bima. Kwa mwezi tunaandika kama milioni 38, bima 25 na keshi 13. Matumizi ni mishahara na NSSF milioni 14, dawa na vitendanishi (zile kemikali za kupimia maabara) 11, pango 1.8, umeme maji intaneti na wale wanaobeba taka za hospitali 1.5, rejesho la mkopo wa ultrasaundi 2.6. Ukijumlisha ni kama 31, kwa hiyo kwenye karatasi tunabaki na 7.

Kwenye karatasi. Mkononi ninachokiona ni ile keshi 13 ambayo hata mishahara haimalizi. Hao bima (sitaji ni nani, bado tuna mkataba nao) wameandika wenyewe kwamba watalipa ndani ya siku 60, leo tunawadai milioni 61. Na mara ya mwisho walipolipa tulikuwa tumepeleka madai ya milioni 24 na laki 3 wakakata milioni 3 na laki 9, maelezo hamna, ni karatasi ina namba za sababu tu kama matokeo ya kidato cha nne. Mwezi wa nne ndo tuliumia kabisa, mvua kila siku, utalii umelala, madereva na wapagazi ambao ndo wateja wetu wa keshi hawana kitu, ikabidi nikope kwenye kikoba changu milioni 4 ili manesi walipwe. Nilishafika mpaka mlangoni kwa wale wa kausha damu, nikageuza.

Sasa kuna kampuni ya Dar imekuja, inataka asilimia 60, Dokta abaki analipwa mshahara na jina la kliniki libadilike. Dokta hataki hata kusikia, anasema bora tuwatimue bima tubaki na keshi. Mi naogopa yote mawili. Walioko kwenye hii biashara nyie mnaishije? Naomba mawazo, ila msinitukane, nimeshachoka.

fomu_mbili

Pole dada. Mi nimekaa upande wa pili wa meza miaka sita, kazi yangu ilikuwa kukagua madai ya vituo, sasa nafanya mambo yangu, kwa hiyo naweza kusema bila kuogopa.

Kwanza hiyo 7 ifute. Kama mnakatwa milioni 3.9 kwenye 24.3 hiyo ni asilimia 16, na kama ndo kawaida yao basi kwenye 25 zenu inaondoka 4 kila mwezi. Mnabaki na 3. Hesabu ya bima usiandike ulichopeleka, andika ulicholipwa, la sivyo utakuwa unapanga maisha kwa hela ambayo haitakuja hata siku moja.

Pili, makato. Nakuambia ukweli, zaidi ya nusu ya niliyokuwa nakata hayakuwa wizi wa kituo wala roho mbaya ya bima, ni uzembe wa karatasi. Mgonjwa hajasaini. Namba ya idhini ya tarehe nyingine. Daktari kaandika ugonjwa ni mafua halafu chini kuna sindano ya siku tano, mi nifanyeje hapo, nakata. Na kubwa ambayo kliniki ndogo hawaijui ni ngazi ya kituo. Kuna dawa mwongozo unaruhusu ziandikwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, kliniki ukiiandika mgonjwa anapona vizuri kabisa lakini hulipwi, umemgawia bure. Chukua hiyo karatasi ya namba za sababu, waombe ufafanuzi wa kila namba kwa maandishi, halafu hesabu ni namba gani inajirudia. Utakuta ni mbili tatu tu zinazokula hela yote.

Tatu, je mnakata rufaa? Watu wanaona makato wanasonya wanatupa kwenye droo. Mkataba unakupa siku za kupinga, zikipita imekula kwako.

guide_wa_machame_route

Naomba niseme kama mgonjwa, mnisamehe. Nyie wenye kliniki mnalia humu lakini sisi wenye kadi tukifika kaunta sura inabadilika. Unaambiwa hiyo dawa haipo kwenye bima toa elfu 18, unaenda duka la pili unaikuta kumbe ipo. Mwanangu alipimwa malaria, typhoid, mkojo, choo na damu kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi!! Unategemea bima wasikate?

Na mama usidhani keshi ndo mwokozi. Mi kuanzia mwezi wa tatu katikati mpaka wa sita mwanzoni sina trip. Nikiugua hapo nanunua panadol dukani nalala.

mama_wa_kaunta

@guide kaka nimekusikia na sitabisha kwamba wapo wanaofanya hivyo. Ila ujue pia upande wetu, ile dawa unayoambiwa haipo saa nyingine ipo stoo, ila bima wanailipa 3,200 na sisi tumeinunua 4,100. Nikikupa watu kumi kwa siku nimepoteza 9,000 nikiwa nafanya kazi. Sisemi ni sawa kukudanganya. Nasema ndo hiyo inayowafanya watu wadanganye.

@fomu_mbili rufaa… hatujawahi. Sijui kama Dokta ana habari kwamba kuna siku za mwisho.

Babu Dokta (Moshi)

Binti yangu, soma haya taratibu, mimi naandika kwa kidole kimoja.

Wenzako wengi humu ni vijana hawajui kwamba kliniki ya daktari binafsi nchi hii iliwahi kuwa marufuku. Sheria ya 1977 ilifunga hospitali za biashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini, tukakaa hivyo mpaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Mimi nilifungua 1993 hapa Moshi mjini, meza, kitanda, mzani na mashine ya presha. Bima haikuwepo. NHIF wenyewe, ile bima ya afya ya serikali, walianza 2001 na watumishi wa umma. Kwa hiyo tulianza na keshi, na madeni ya watu. Wazee wa Kiboriloni walikuwa wananilipa kwa ndizi na nililipwa mbuzi mara mbili. Tusije tukadhani keshi ilikuwa peponi.

Sasa swali langu kwako. Kwenye hiyo milioni 14 ya mishahara, mume wako yumo?

mama_wa_kaunta

Shikamoo dokta. Hapana, hayumo. Sisi tunachukua kinachobaki.

Babu Dokta (Moshi)

Marahaba. Nilijua.

Basi hesabu yako ni hii. Huyo kijana hapo juu amekuonyesha kinabaki milioni 3. Ukimwajiri daktari wa kukaa chumba kile saa kumi kwa siku na Jumamosi juu, na usiku anapigiwa simu, utampata kwa milioni 3 na hamjala ninyi, hamjalipa ada za watoto, hamjaweka akiba ya mashine ikifa? Kliniki yenu haitengenezi faida, binti. Mume wako anaifanyia kazi bure na wewe pia, uhasibu na stoo na kaunta bila mshahara. Mimi nilifanya kosa hilo miaka 20 nikijiita mfanyabiashara. Mwanangu wa kiume ni daktari na alikataa kurithi kliniki, akaniambia baba wewe umeajiriwa na madeni. Nilikasirika mwaka mzima. Baadaye nikakaa na vitabu vyangu nikaona kijana hakunitukana.

Kuhusu kuacha bima yote, msifanye hivyo kwa hasira. Mimi niliwahi kuacha kampuni moja ya bima, nikasema hawa wagonjwa wananipenda watakuja na keshi. Katika kumi walirudi watatu. Saba walinipungia mkono barabarani na kadi zao wakienda kwa jirani. Wewe una wagonjwa 24 wa bima kwa siku, fikiria wakibaki saba au nane, mishahara ya watu 11 na pango havitapungua kwa sababu foleni imepungua. Anzeni na ile inayolipa vibaya zaidi, mwandikieni barua ya kuacha, taarifa ya miezi mitatu kama mkataba unavyotaka. Mara nyingi hiyo barua ndiyo huleta hela.

Na jengeni kitu chenu cha keshi ambacho hakitegemei homa. Sukari na presha. Hapa Moshi Desemba watu wote wamerudi kula sikukuu kliniki inajaa, Januari ni ada za shule hakuna mtu, lakini mgonjwa wangu wa sukari alikuwa anakuja kila mwezi, mvua jua. Nilimwekea bei moja, kumwona daktari, kupima, dawa za mwezi, analipa kidogo kidogo kwa simu. Hao ndio walionilipia pango.

binti_maabara

Mi niko maabara ya kliniki Tengeru, naongezea upande ambao madaktari wanausahau, kile kipengele cha dawa na vitendanishi milioni 11 mama umekipita haraka sana.

Mashine yenu ya kupima damu mlinunua au mlipewa? Maana wengi wanapewa, mwenye kampuni analeta mashine bure anatabasamu, mkataba unasema mtanunua vitendanishi kwake tu na kila mwezi msishuke chini ya kiasi fulani. Mashine imefungwa, vitendanishi vya mtu mwingine haviingii. Halafu vile vinakuja kwa dola. Mnakumbuka dola ilivyokuwa, mwanzo wa 2023 ilikuwa 2,300 na kitu, 2024 ikavuka 2,700, muuzaji akapandisha siku hiyohiyo ila bima bei ya kipimo ilibaki palepale!! Kwahiyo kila mgonjwa wa FBP (kile kipimo cha damu nzima) anayekuja na kadi mnamuwekea kidogo kutoka mfukoni.

Sisi tulifanya kitu cha kijinga ila kimesaidia. Tuliungana kliniki tatu jirani, vipimo ambavyo kila mmoja wetu anapata viwili kwa wiki tukagawana, mmoja anafanya homoni, mwingine anafanya figo na ini, sampuli zinazunguka na bodaboda kwenye kiboksi cha barafu saa nne na saa tisa. Kabla ya hapo tulikuwa tunatupa vitendanishi vilivyoisha muda kila robo mwaka na bosi anasema mnaiba. Hatuibi bosi, vinaozea kwenye friji yako.

Na mkiwa 11 kumbukeni mshavuka 10, SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na mwajiri, inawahusu. Kuna kliniki naijua TRA walikuja na deni la miaka, watu wakakimbia ofisi.

mkereketwa77

Uza. Chukua hela nunua shamba la parachichi. Kwaheri.

binti_maabara

@mkereketwa77 parachichi nazo zinauzwa kwa mkopo mzee

Mchaga_wa_Minnesota

Naona swali la kuuza mmelikwepa, ngoja mi nilijibu maana huku Marekani ndo limeshatokea. Kazi yangu ni kuandaa bili kwenye kliniki ya madaktari watatu, waliianzisha wenyewe.

Huku chama cha madaktari, AMA, huwa wanahesabu ni madaktari wangapi bado wako kwenye kliniki zinazomilikiwa na madaktari wenyewe. 2012 walikuwa asilimia 60.1, 2024 wamebaki 42.2. Wengi wa waliobaki wako chini ya hospitali, kampuni za bima au watu wa uwekezaji. Na sababu ukizisoma utadhani ameziandika huyu mama wa Sakina. Bei za bima haziendi na gharama, mfano Medicare ile bima ya serikali ya wazee, 2025 viwango vya madaktari vilishushwa asilimia 2.83 wakati mshahara wa nesi unapanda. Kuomba idhini kabla ya kipimo, unaajiri mtu mzima kazi yake ni kusubiri kwenye simu tu. Halafu kuna hii inayouma, kipimo kilekile kikifanyiwa kwenye jengo la hospitali Medicare inalipa zaidi kuliko kikifanyiwa kwa daktari binafsi. Kwa hiyo hospitali inamnunua daktari, inabadilisha kibao cha mlangoni, bili inapanda kesho yake.

Februari 2024 wadukuzi waliingia Change Healthcare, kampuni ambayo sehemu kubwa ya madai ya bima ya nchi inapita humo. Madai yakasimama wiki kwa wiki. Kuna madaktari walichukua akiba zao za uzeeni kulipa wafanyakazi. Wagonjwa walikuwepo, kazi ilifanyika, hela ipo, ila iko kwa mtu mwingine. Hiyo ndo kesi yako dada, milioni 61. Wewe ni benki ya bima, unawakopesha bila riba halafu unaenda kukopa kikoba kwa riba.

Kwa waliouza ninaowafahamu, mwaka wa kwanza walilala usingizi mzuri. Mwaka wa pili wakaanza kupewa lengo la wagonjwa kwa siku. Kilichowafunga sio bei waliyouzia, ni kipengele kimoja kwenye mkataba, kwamba ukiondoka huruhusiwi kufungua kliniki eneo hilo kwa miaka kadhaa. Hao wa Dar wakileta karatasi, anza kusoma nyuma, sio mbele.

Babu Dokta (Moshi)

Kijana wa Minnesota amesema vizuri. Na mimi naongeza, asilimia 60 maana yake Dokta hana sauti, hata akikataa atapigiwa kura. Kama lazima, wauzieni asilimia 30 na ultrasaundi iwe deni lao. Jina lisitoke. Watu wa Sakina hawajui kampuni, wanamjua mume wako.

fomu_mbili

Na kabla ya kuuza chochote, nenda benki uulize mkopo unaoshika madai ya bima kama dhamana. Kuna benki wanafanya, wanakupa sehemu ya hela mapema bima ikilipa wanakata. Riba ipo ila sio ya kausha damu. Sharti lao ni madai yako yawe safi, ndo maana nakurudisha kwenye makato.

Wasiojua, hii vita ya bei sio yenu peke yenu. Tarehe 1 Machi 2024 NHIF walipoanza kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei wanazolipa, hospitali binafsi kubwa zilisimamisha kuhudumia wenye kadi kwa siku kadhaa mpaka serikali ikaingilia. Zile ni hospitali zina wanasheria na chama. Kliniki ya vitanda vinne ukigoma peke yako hamna atakayejua kama umegoma au umefunga kula chakula cha mchana. Na sheria ya bima ya afya kwa wote ilishapita bungeni Novemba 2023, maana yake siku zijazo wagonjwa wa kadi wataongezeka tu. Kwa hiyo kuishi bila bima kabisa Arusha, sijui, labda uwe na kliniki ya watalii.

guide_wa_machame_route

Mama nimesoma yote, nafuta nusu ya povu langu. Nusu inabaki. Ila hiyo ya sukari na presha kulipa kidogo kidogo mama yangu yuko Ngaramtoni ana presha, mkianza niambie.

mama_wa_kaunta

Jamani asanteni. Nimerudi baada ya siku nne maana kulikuwa na kazi.

Nimefungua ile droo. Kuna makato ya miezi 14 hayajaguswa. Nimekaa na daftari Jumapili yote baada ya ibada, nimeyapanga kwa namba kama fomu_mbili alivyosema. Namba mbili zimebeba karibu robo tatu ya hela. Moja ni saini ya mgonjwa, hapo ni sisi, wakati wa foleni dada wa mapokezi anawaambia wasaini wakitoka na wakitoka wanatokea mlango wa famasi. Nyingine ni dawa ya ngazi ya juu, moja tu, Dokta anaipenda sana anaiandika kwa kila mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili. Nimemwonyesha. Kwanza alikasirika akasema mi sio daktari. Halafu akachukua simu akajumlisha mwenyewe, akanyamaza, akatoka nje akakaa kwenye gari.

Miezi mingi muda wa rufaa umepita, imebaki mitatu. Barua zinaenda Jumatano. Kaunta nimeihamishia mlango wa famasi, hakuna dawa bila saini, jana mzee mmoja amegomba kweli, nimemwomba msamaha na amesaini.

Hao wa Dar nimewaambia watume rasimu ya mkataba kwanza, nimeanza kuisoma kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho kabisa wameweka kilomita 25 na miaka mitano. Kutoka Sakina kilomita 25 ni mpaka Usa River jamani, Dokta angeenda kutibu wapi?

Mshahara wa Dokta nimeuandika kwenye kitabu kuanzia mwezi huu, hata kama hatuna cha kumlipa ukae pale kama deni. Wa kwangu pia nimeuandika. Yeye hajauona bado.

@binti_maabara nitumie ujumbe, mashine yetu ni ya "bure" na mkataba wake sijawahi kuusoma.